Wiki Sita za Kijana wa Kamba

Nilikuwa mshabiki wa upande mmoja, tena mkali. Anime, yaani katuni za Kijapani, inatazamwa kwa Kijapani chake, tafsiri unaisoma kwa maandishi yaliyo chini kwenye kioo, na anayetaka Kiingereza akatazame taarifa ya habari. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, kwa sauti, nikiwa nyuma ya mashine ya fotokopi katika stesheneri ninapofanya kazi, hapa Katandala, mjini Sumbawanga. Wateja waliokuja kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa walinitazama, wakalipa, wakaondoka.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na fundi simu, ambaye meza yake iko barazani kwetu, na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu mpole mwenye sweta moja la kijani, aliyekuja kurudufu mitihani na akanogewa na mazungumzo. Wa tatu ni mimi. Sehemu mpya ya anime tuliyokuwa tukiifuatilia ilitoka kila Jumamosi, na ilipofika mchana mimi na fundi tulikuwa tumeshaitazama. Mwalimu hakuitazama. Alisubiri ile iliyoingizwa sauti za Kiingereza, ambayo ilikuja nyuma kwa wiki sita.

"Wewe mwalimu unakula kiporo," fundi alimwambia.

"Kiporo kina ladha yake. Nyie mnasoma, mimi natazama. Macho yenu yako chini muda wote, hata mawingu hamyaoni."

"Lakini zile sauti si zao!" nilisema. "Yule mama mzee wamempa sauti ya msichana anayetangaza sabuni."

"Basi usinimwagie ubuyu. Kilichotokea kwenu wiki hii kaeni nacho."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu pekee, na tuliishika. Mwalimu akiingia, mimi na fundi tulikata maneno katikati tukaanza kuzungumzia bei ya mahindi.

Anime yenyewe ilikuwa ya kijiji kilichojengwa juu ya mawingu. Huko juu mvua hainyeshi, kwa sababu mvua iko chini yao. Kwa hiyo kila asubuhi kijana mmoja hufungwa kamba kiunoni, akashuka ndani ya mawingu na mitungi, akateka mvua. Mama yake ndiye anayeshika kamba huko juu. Kamba ikitikiswa mara mbili, anavuta. Mambo mengi hayakutokea katika hadithi ile. Watu walitembea, waliota moto, walikunywa chai, na chini yao kulikuwa na weupe usio na mwisho. Nilipoitazama nilijisikia nimelala na niko macho kwa wakati mmoja, na ilinichukua nusu saa kurudi Sumbawanga.

Jumapili niliitazama tena pamoja na mama.

Mama alikuwa ameletwa kwangu kutoka Kasense kwa sababu ya macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, yote mawili, na tuliambiwa tusubiri kambi ya madaktari wa macho ambayo tarehe yake ilisogezwa, ikasogezwa tena. Aliona rangi na vivuli tu. Saa kumi, baada ya kurudi kanisani na kula, alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha na ungo wa ulezi mapajani, akichambua kwa vidole mawe na makapi. Mimi niliegemeza simu kwenye kopo la kahawa mbele yake, nikakaa nyuma ya bega lake na kumtafsiria kila neno kwa Kifipa changu cha mjini, ambacho nusu yake ni Kiswahili.

"Naona bluu," alisema mara ya kwanza. "Sasa nyeupe."

"Ni mawingu, mama. Kijiji kiko juu yake."

"Hapo nimeshapita." Alipokuwa msichana alizoea kwenda na wenzake hadi ukingoni, pale uwanda unapokatika na bonde la Rukwa kuanza. Asubuhi za baridi, alisema, bonde lote lilijaa ukungu, wakakaa juu yake na miguu inaning'inia, wakala viazi vya kuchoma. "Tulisema mmoja akiteleza hataanguka, ataelea."

Ndipo nilipogundua kwamba mimi, adui wa kuingiza sauti, nilikuwa naingiza sauti. Nilimfanya kijana awe na sauti nzito kidogo na mama yake awe mkali kidogo. Zamani, kwenye kibanda umiza, kulikuwa na bwana aliyetafsiri filamu kwa kipaza sauti na kutia utani wake mwenyewe, nasi watoto tulicheka hadi kulia. Nilipokua nikamdharau. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, na nilikipenda. Sikumwambia fundi wala mwalimu.

Kisha ikaja sehemu ya saba.

Kijana alishuka. Mama yake alikaa akisubiri, akiimba wimbo mdogo puani. Kamba haikutikisika. Akavuta. Kamba ikapanda nyepesi, upesi, mkono kwa mkono, hadi ncha yake ikatoka kwenye mawingu imelowa, tupu. Yule mama hakupiga kelele. Alisema neno moja kwa sauti ndogo, akarudia, akarudia tena, kisha akaanza kuikunja kamba vizuri kama ilivyokunjwa kila siku.

Jumamosi ile niliitazama peke yangu nikafunga stesheneri mapema. Fundi alifunga meza yake pia, bila kuaga. Lakini usiku kucha nilikuwa na wazo moja: kesho nitamwambia nini mama?

Maana mama alikuwa amemzika wake. Kaka yangu, aliyekuwa akileta dagaa kutoka Kasanga, alifariki miaka minne kabla ya hapo, ghafla, kwa homa ya siku tatu. Mimi nilikuwa chuoni Mbeya. Baba mdogo alinipigia simu asubuhi akasema, "Kaka yako amezidiwa. Njoo nyumbani." Nikapanda basi. Tunduma nilinunua machungwa dirishani, kwa sababu kaka akiugua alitaka machungwa tu. Njia nzima niliyapakata, nikipanga jinsi nitakavyomtania kwa kudeka. Niliposhuka nikaona turubai limefungwa uani, akina mama wamejifunga kanga viunoni, na mtu akanipokea mfuko wa machungwa mkononi bila kusema neno.

Najua ndivyo tunavyofanya. Msafiri haambiwi. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, afike kwanza. Nimesikia watu wakiambiwa hivyo tangu utotoni, na bado siku ile sikuelewa, au nilikataa kuelewa. Nilikasirika, na hasira yangu ikashika njia mbovu, ikamwangukia baba mdogo. Tangu siku ile nilimwamkia shikamoo nikitazama pembeni. Pale msibani sikulia. Nilichota maji, nikaosha sufuria, nikaandika majina ya waliokuja. Mimi na mama hatukuwahi kumzungumzia kaka tena, mwaka baada ya mwaka, ila kwa kuruka jina lake tulipofika karibu nalo.

Basi Jumapili, kamba ilipopanda nyepesi na yule mama wa Kijapani akasema neno lake, vidole vya mama vilisimama juu ya ulezi.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema... Anamwita. Wamempandisha kwa upande mwingine. Ameumia. Amezidiwa, lakini yupo."

"Amezidiwa," mama alisema. Kisha vidole vikaendelea kuchambua.

Nilijiona mjanja. Wiki iliyofuata nililipia ujanja wangu. Dada wa yule kijana alianza kushuka yeye na kamba, na kijijini waliweka mtungi juu ya jiwe, na watu wakapita wakiinamisha vichwa. Nikasema mtungi ule ni wa dawa. Nikasema kijana amelala chumba cha ndani na hapendi mwanga. Sehemu ya tisa nikamnywesha uji wa ulezi. Ya kumi nikamkalisha kitandani, akamtania dada yake anavyofunga mafundo vibaya. Maneno hayo hayakuwamo popote, nilikuwa nayatoa kwa kaka yangu moja kwa moja, jinsi alivyodeka na alivyokohoa kwa makusudi. Nilianza kusubiri Jumapili kuliko Jumamosi. Ile anime ya kweli, ambamo kijana alikuwa amekufa, ikawa kwangu kama uvumi. Nje baridi ya Juni ilikuwa imeshuka, ukungu ukachelewa kuondoka Katandala, na mle chumbani mtu aliyekufa alikuwa anapata nafuu.

Mama hakuuliza mengi. "Leo amekula?" alisema. "Leo amekula, mama." "Vizuri."

Wakati mwingine niliogopa. Kambi ya macho ingekuja, angepona, angetazama mwenyewe. Au jirani angesema. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini mimi nilishaizoea ile njia na sikutaka ifike mwisho. Mwalimu tu ndiye ambaye sikumfikiria.

Ilikuwa Jumapili ya sehemu ya kumi na tatu, ya mwisho. Nimeegemeza simu kwenye kopo, sijabonyeza, hodi ikapigwa. Mwalimu, na sweta lake la kijani, na kilo ya sukari mkononi. Alikuwa amesikia mama anaumwa macho akaja kumjulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Akakaa. Akaona yale mawingu kwenye kioo cha simu, uso wake ukachangamka, na nikajua kitakachotokea kabla hakijatokea. Kiingereza kilikuwa kimefika sehemu ya saba. Kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kusema, na mbele yake alikaa mama mzee aliyetangulia wiki sita.

"Kumbe na mama unafuatilia! Mimi jana ndiyo nimeona kijana anakufa. Nimelia, mama, siwezi kukudanganya. Na walivyompa yule mama kelele kubwa, nyumba nzima walikuja kuuliza kuna nini."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua uso kuelekea sauti ya mwalimu, ametulia, kama mtu anayepokea wageni msibani.

"Asante kwa kutupa pole, mwalimu," alisema. "Kwetu ni wiki ya sita sasa. Tumeanza kuzoea."

Waliongea tena kidogo, juu ya mahindi na juu ya wanafunzi wa siku hizi. Mimi nilipika chai sijui vipi. Mwalimu alipoondoka nilirudi nikasimama mlangoni, mikono imelowa.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua siku ile ile."

"Nani alikuambia?"

"Yule mama. Wewe ulinipa maneno, lakini sauti alinipa yeye. Aliyefiwa nitamkosaje?" Akatikisa ungo taratibu. "Halafu ukasema amezidiwa. Mwanangu, unaniambia mimi amezidiwa? Mimi ndiye niliyemwambia baba yako mdogo akuambie hivyo."

Sikuwa najua. Miaka minne nilikuwa nimemnunia mtu asiye na kosa, na yeye alinyamaza akanivumilia. Hasira ilinipanda palepale, ya zamani, nzima, haijapoa hata kidogo.

"Kwa nini, mama? Nilinunua machungwa!"

Nililisema hilo kwa kelele, mtu mzima mimi, na sauti ikakatika katikati.

"Najua. Niliyaona." Aliweka ungo chini. "Walitaka kukuambia kwenye simu. Nikasema hapana. Kutoka Mbeya mpaka hapa ni safari ndefu, na wewe uko peke yako. Nikasema mwacheni aje naye mpaka hapa."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikayaona tena yale machungwa mapajani mwangu, Laela inapita, vijiji vinapita, na mimi nacheka peke yangu dirishani kwa utani niliokuwa nimemwandalia. Njia nzima ile nilikuwa na kaka. Sikuwahi kuihesabu kuwa ni kitu nilichopewa.

"Na wewe ukanipa wiki sita," mama alisema. "Akanywa uji. Akakohoa kile kikohozi chake cha uongo, nikamjua. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto anajua kutafsiri." Alinyoosha mkono hewani akaupata mkono wangu. "Sasa nimefika, mwanangu. Niambie."

Niliacha sehemu ya mwisho, nikarudi kwenye ya saba. Mawingu yakatokea, akasema anaona nyeupe. Yule mama wa Kijapani akaimba wimbo wake puani, akasubiri, akavuta, na kamba ikapanda nyepesi. Akasema lile neno, mara tatu, na mara hii sikulifunika. Niliacha lipite lote.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nikamwambia kwamba analitaja jina la mwanawe. Nikamwambia kwamba amekufa. Kisha nikalitaja la kaka, na ndipo nilipolia.