Maneno Mawili Pembeni mwa Kadi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti zahanati moja upande wa Samburu, ile ya Kwale, sare imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Kabla sijapata pa kuweka mkoba, Muuguzi Mkuu akanikabidhi mizani. Ilikuwa ya kutundika: uso wa saa juu, kulabu chini, na kwenye kulabu kisuruali cha kitambaa. Mtoto anatiwa miguu humo, anabaki hewani akilia, nawe unasoma kilo.

"Binti," aliniambia, "mama atakwambia mtoto anakula. Wewe tazama mshale. Mshale haudanganyi."

Niliyachukua maneno yale nikakaa nayo miaka mingi, na kuna mahali yalinipoteza.

Ninyi wauguzi mnaoanza leo mna kompyuta. Sisi tulikuwa na kadi ya kliniki. Kila mwezi unatia nukta ya uzito, unaunganisha nukta. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Pembeni palikuwa na nafasi ya maoni ya muuguzi. Tena tulikuwa na desturi mbaya: mama ambaye mstari wa mwanawe umelala, anakalishwa benchi la mbele na kusemwa wenzake wakisikia. Tuliamini aibu ni dawa. Mimi nilikuwa mkali, sifichi. Samburu waliniita Sista Pilipili, na mjinga mie nikifurahi.

Kutoka hapo nilipelekwa Mackinnon Road, kisha nikarudishwa pwani kwetu, kwenye kituo cha afya kati ya Msambweni na Shimoni, kusimamia kliniki ya mama na mtoto. Huko ndiko nilikokutana na Riziki.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mumewe akifanya kazi hotelini Diani na kurudi nyumbani siku moja kwa wiki. Alikuja na mwanawe Saumu, wa miezi minne, pamoja na mamamkwe wake, Bi Mwanasiti. Saumu alikuwa mtoto wa kushtuka. Mlango ukijifunga, mikono inaruka, kisha analia kilio kisichotulizika. Mstari wake ulikuwa umelala miezi miwili.

Nilimtia kwenye kisuruali, akapiga ukelele. Nikageuka ili mama amtulize. Riziki alikuwa ameegemea ukuta, mikono masikioni, macho makavu.

"Mchukue mwanao," nikasema. Hakusogea. Bi Mwanasiti ndiye aliyemchukua.

"Ndivyo alivyo, Sista," akasema. "Hata arubaini yake hakukandwa. Nimemletea mkandaji, nimechemsha maji ya majani, yeye akajifungia mlango. Mwanamke gani huyo anakataa kukandwa?"

Kwetu mzazi hukandwa siku zake arubaini, kwa mafuta na maji ya moto, mwili urudi mahali pake. Ni heshima anayofanyiwa. Kuikataa ni kuidharau nyumba iliyokuoa. Nami, binti wa Kidigo, nikakasirika kama yule mama. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa kadi: *Mama hajali*. Hawakurudi miezi miwili.

Katikati ya miezi hiyo Matroni, mkuu wetu pale kituoni, aliniita. "Unakwenda Kwale, semina ya siku tatu."

"Mimi nimeshazeeka na kazi hii, Matroni."

"Ndiyo sababu unakwenda," akasema.

Aliyetufundisha alikuwa Daktari wa Watoto, mama mpole kutoka bara. Alisema mtu akiogopa, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, yaani kemikali inayomwandaa kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, inashuka. Lakini mtoto anayelelewa kwa kipigo na hofu ya kila siku, mwili wake huenda ukasahau namna ya kushuka. Anakuwa mtu mzima, anaishi kwenye nyumba ya amani, na mwili bado uko macho. Akizaa, kilio cha mtoto kinaweza kumpiga kama makelele ya zamani. Wengine hufoka. Wengine huganda.

"Kuganda si kutojali," alisema.

Akaendelea. Hofu kubwa ya mama wakati wa mimba huenda ikamfikia mtoto tumboni, akazaliwa mwepesi wa kushtuka na mgumu kutulia. Kisha akaeleza vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayorithi. Maagizo yenyewe hofu haiyaandiki upya, ila mwili huyawekea alama, lipi lisomwe sana na lipi lisomwe kidogo. Wataalamu wanachunguza kama alama za hofu hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

"Kwa binadamu bado hatujajua vizuri," akatuonya. "Msiende mkawaambia watu wamelaaniwa. Hii si hukumu. Mtoto akipata mtu wa kumtuliza, mwili unaweza kujifunza upya. Na mama vilevile."

Nikanyoosha mkono. "Daktari, na mzazi anayekataa kukandwa?"

Akanitazama. "Labda mikono aliyoijua utotoni haikuwa ya kukanda."

Sikula chakula cha mchana siku ile.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta Bi Mwanasiti ukumbini, nguo za Saumu zimekunjwa zimetiwa kwenye mfuko. Familia ilikuwa imekaa kikao: mtoto apelekwe kwa shangazi yake Diani, akalelewe huko. Baba mtu ameridhia.

"Na shahidi wetu ni wewe, Sista," akasema, akiinua kadi. Alikuwa amesomewa. "Hata hospitali imeandika."

Maneno yangu mawili, niliyoyaandika kwa hasira bila hata kuketi, yalikuwa yanamtoa mtoto kifuani kwa mamake.

Nikaomba kuonana na Riziki. Alikuwa uani, peke yake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Nikae hapa, au nikae mbali kidogo?"

Alishangaa. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanionyesha kinu kilicholazwa, nikakikalia. Akanisimulia maisha yake. Mamake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa kwa mjomba upande wa Kinango. Mtoto yeyote akilia mle ndani, fimbo ilimshukia aliye karibu, na aliye karibu alikuwa yeye.

"Saumu akilia, mwili wangu unangoja fimbo," akasema. "Nampenda, Sista. Wallahi nampenda. Ila mikono hainyanyuki."

Yeye hakulia. Nililia mimi, na kanga yangu ikalowa. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza kama naweza kumweleza mkwewe.

"Mweleze. Mimi siwezi."

Nikarudi ukumbini. Nikaichukua ile kadi, nikayakata maneno yangu kwa mstari, nikaandika chini yake: *Nilikosea. Mama anaogopa, asaidiwe.* Nikatia sahihi.

"Unafuta maandishi ya serikali?" Bi Mwanasiti akauliza.

"Nafuta yangu, mama." Nikamweleza yote, taratibu, mpaka mwisho.

Aliweka mkono juu ya mfuko wa nguo.

"Na mimi niliugonga ule mlango," akasema. "Siku ya kukandwa. Asubuhi nzima niliugonga."

Kisha akaanza kuzitoa nguo za Saumu, moja moja, akizikunjua mapajani.

Kazi haikuisha siku ile. Riziki alianza kwenda kwa mshauri nasaha. Saumu alipimwa maradhi yote, asionekane na kitu. Akilia nyumbani, Bi Mwanasiti hakumpokonya tena, alikaa kando ya Riziki akisema, "Nipo, mwanangu, hapana wa kukupiga." Kliniki nami nikakiweka kile kisuruali kabatini. Riziki alipanda mizani ya kusimama na mtoto kifuani, kisha akapanda peke yake, mimi nikatoa hesabu. Benchi la mbele nililihamishia nje, likawa la kupumzikia. Mwezi wa tatu tangu hapo mstari ukapanda. Nikatia nukta ile, nikaitazama mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Nilistaafu nikiwa Ukunda. Nikikumbuka miaka yote ile, sindano sizikumbuki sana. Nawakumbuka akina mama niliowakalisha benchi la mbele Samburu na Mackinnon Road. Wangapi walikuwa wameganda, nami nikawaongezea fimbo ya maneno? Sitajua. Kwa hiyo nawaomba ninyi wadogo zangu: kabla hamjamsoma mtoto kwenye mizani, muulizeni mama analalaje. Na muulizeni kwa upole.

Mwaka huu Riziki amejifungua tena, mtoto wa kiume. Siku ya saba Bi Mwanasiti akaniletea ujumbe: Riziki anataka kukandwa, na anakutaka wewe. Mimi si mkandaji. Nilikwenda na chupa ya mafuta ya nazi.

Riziki alikuwa ameketi mkekani, amenipa mgongo, mtoto amelala pembeni.

"Nianze?"

"Anza, Sista."

Nikaanza na mabega. Tulikuwa tumefika katikati ya mgongo pale upepo ulipoubamiza mlango wa uani. Nikausikia mwili wake ukikaza chini ya viganja vyangu, papo hapo, kama siku zile. Nikaondoa mikono, nikangoja.

Mtoto hakuamka. Riziki alimtazama kitambo, akashusha pumzi.

"Endelea," akasema.