Shampuu ya Breki

Baba akiamka hulisalimia gari kwanza, sisi baadaye. Hulipapasa boneti kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto, na sauti yake huwa laini: "Umelalaje, mrembo?" Mimi huniita "we binti". Gari lenyewe la Kimarekani limemzidi umri, injini ni ya Kirusi, na kila kipuri kikipatikana hapa Havana, viatu vyangu husubiri. Juzi breki zilivuja, na mafuta ya breki yameadimika mji mzima. Nikamkuta anamiminia breki shampuu aliyonitumia shangazi kutoka Miami, ya sherehe yangu ya kutimiza miaka kumi na tano.

"Baba! Hiyo ni yangu!"

"We binti, nywele zikikosa shampuu zitagonga mtu?"

Aliimimina taratibu, ulimi nje, lisipotee hata tone. Kisha tukashuka mteremko kuzijaribu breki. Kule chini gari likasimama papo hapo. Baba akafumba macho, akaubusu usukani. "Unanukia, mpenzi wangu," akaliambia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nywele nimezifunga kitambaa. Nikageukia dirishani.