Kosa la Kulwa, Fimbo ya Doto

Harufu ya gome bichi la mkwaju haijawahi kunipitia hivi hivi. Juzi hapa Shinyanga jirani yangu alikaa barazani akibandua gome la ufito wa kufukuzia mbuzi, redio ikiwa pembeni, na redioni watu wawili wanabishana. Mmoja anasema utafiti umeonyesha kuwa kumchapa mtoto kunamharibu. Mwingine anasema yeye alichapwa, na mbona ana akili zake timamu. Jirani akaniuliza niko upande gani. Nikamwambia siwaamini wote wawili, maana mtafiti alishafika nyumbani kwetu, nami nikaulizwa.

Mimi ni Doto. Msukuma akisikia jina hilo anajua nina pacha aliyenitangulia, Kulwa. Tulikulia kijijini huko Kishapu, na bibi yetu mzaa baba alikuwa na sheria ya mapacha isiyo na mzaha: anachopata mmoja apate na mwenzake, ukiwabagua mmoja ataugua. Kulwa akishonewa gauni, nami nashonewa. Kulwa akiwekwa dawa ya macho, nami nawekwa, macho yangu mazima. Shida ni kwamba sheria hiyo ilihusu fimbo pia.

Na Kulwa alikuwa mtundu kwelikweli. Msimu wa mavuno pamba ililundikwa chumbani hadi karibu na dari, ina joto la jua na harufu ya majani makavu, naye hakuweza kuipita bila kujitupa juu yake na miguu yake ya vumbi. Mama alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu pamba ikichafuka mnunuzi anaiita fifi, yaani pamba ya daraja la chini, na bei inaanguka. Akiona nyayo anamwita Kulwa, anamtandika miguuni, halafu ananitazama kidogo, anashusha pumzi, na kuniita na mimi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," Bibi anasema kutoka jikoni. Mimi nililia kuliko Kulwa. Yeye angalau alikuwa ameshafaidi.

Kisha nyayo zikakoma. Mama akafurahi, akawa anawaambia majirani kwamba fimbo imejibu. Mimi niliyelala na Kulwa kitanda kimoja nilijua mambo yalivyo. Kulwa alikuwa bado anaruka, ila sasa ananawa miguu kwanza, na akimaliza anaigeuza pamba kwa mikono, anachambua iliyoshika uchafu na kwenda kuitupa chooni. Nilimchukia kwa hilo. Niliona amekuwa mwoga na mwongo, anajali ngozi yake tu, nikaanza kumficha mambo yangu.

Ndipo alipokuja dada mmoja na kishikwambi chake, akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Alisema anafanya utafiti juu ya malezi. Mama alimpa kiti na karanga, lakini imani hakumpa.

"Anauliza habari za wanangu hata hajauliza habari za mvua," alimnong'oneza Bibi kwa Kisukuma. "Huyu anatafuta nini?"

Hata hivyo alimjibu yule dada kwa fahari kwamba fimbo inasaidia, amtazame Kulwa. Baada ya hapo tukaitwa mmoja mmoja nyuma ya nyumba, kwenye mtama ulioanikwa.

Nilikishuku kile kioo. Niliamini kingemwonyesha mama kila neno langu. Lakini nilikuwa na jambo moja nililotamani mtu yeyote alijue, kwamba nachapwa bure.

"Mara ya mwisho ulichapwa kwa kosa gani?" dada aliuliza.

"Sikufanya kosa."

Akatabasamu. "Kila mtoto anasema hivyo. Usiogope, mama hataambiwa."

"Kosa lilikuwa la Kulwa."

Akaniangalia kwa jicho la mashaka, akagusa kioo, akaenda kwenye swali linalofuata. Ilipofika zamu ya Kulwa nilijibanza ukutani kusikiliza. Aliulizwa kama ameacha utundu. "Nimeacha, dada," alisema kwa adabu zote, na dada akampongeza.

Ndiyo maana mtu akisema utafiti umeonyesha, nataka kujua aliyeulizwa alikuwa nani na aliaminiwa au la. Na mtu akisema fimbo ilitunyoosha, namwona mama akiitazama pamba yake safi.

Mwaka jana nilimtembelea Kulwa huko Buseresere, anakouza chakula. Mwanawe alimwaga unga sakafuni, naye akampa ufagio tu. Nikamtania kwamba ameasi mila za Bibi. Kisha nikamuuliza lile lililokaa rohoni mwangu tangu utoto.

"Kulwa, yote yale ya kunawa miguu na kuchambua pamba, ulikuwa unaogopa fimbo kiasi hicho?"

"Yangu? Yangu ilikuwa inapoa kabla ugali haujaiva," alisema, akiendelea kukata nyanya. "Nilichoshindwa ni kusimama pale nikikuangalia wewe unaitwa."

"Si ungeacha kuruka?"

"Nilijaribu, Doto. Nilikuwa mtoto."

Nilitoka nje nikalia, wateja wake wakinitazama. Miaka yote ile nilitafuta mtu wa kuamini kwamba nachapwa bure. Kumbe alikuwepo mmoja, nalala naye kitanda kimoja, na ndiye niliyekuwa namficha mambo yangu.