Fimbo ya Dada Yenye Risasi Mbili

Mjukuu wangu wa kike alikuja likizo kutoka Arusha, anakofanya kazi na kucheza gofu siku za mapumziko na wenzake wa ofisini. Jioni moja tumekaa barazani, mimi namenya karanga, akanisogezea simu puani. "Babu, nisaidie kuchagua fimbo ya kumalizia." Hiyo, rafiki yangu kama hujui, ndiyo fimbo inayoshikwa mwisho, ya kuusukuma mpira taratibu mpaka udumbukie shimoni. Wenyewe wanaiita pata. Nikavaa miwani. Nilitegemea kibao cha chuma, chembamba kama ulimi. Kumbe! Moja ina mabawa, nyingine nene kama tofali, nyingine imetobolewa katikati kama mtu aliyekula mkate akaacha ganda.

"Hizi ni fimbo au ni pasi za kunyooshea nguo?"

"Babu jamani! Kwani wewe gofu unaijulia wapi?"

Hapo ndipo aliponichokoza, karanga zikalala.

Mimi nimekulia kambi ya mgodi hapa hapa Mpanda. Ulikuwa mgodi wa risasi, na simaanishi risasi za bunduki, namaanisha madini yenyewe, mazito, ya kijivu. Wazungu wa mgodi walikuwa na kiwanja chao cha gofu. Sasa majani ya huku unayajua, kiangazi kikishika yanabaki vumbi, kwa hiyo pale penye shimo hawakuhangaika na majani. Walimwaga mchanga, wakauchanganya na oili chafu ya mitambo, wakausawazisha ukawa mweusi kama sakafu ya karakana. Pale tulipaita brauni. Baba yangu ndiye alikuwa mtunza brauni.

Mgodi ulipofungwa wenyewe wakaondoka, kiwanja kikaota vichaka, mchwa wakajijengea. Baba akashikilia brauni moja tu, iliyokuwa karibu na nyumba yetu, kwa sababu mapipa ya oili yalibaki na kwa sababu mikono yake ilishazoea. Kila asubuhi anaburuta gunia juu yake, shwaa, shwaa, akizunguka kuanzia shimoni kwenda nje, mpaka mchanga unang'aa. Mama analalamika kwamba hata uji unanuka oili. Kweli ulinuka. Nikipita leo kwa fundi wa pikipiki akamwaga oili, mimi nasikia njaa, sijui nikueleze vipi.

Sisi watoto wa kambi tukawa tunacheza pale tukitoka shule, kwa mipira iliyookotwa vichakani. Hakuna aliyekuwa na fimbo za dukani. Mara ya kwanza tulitumia mipini ya majembe. Mimi nikaokota bapa la chuma, nikalichomeka kwenye mti, nikajiona bwana mkubwa. Lakini bapa lina ubaya wake. Ukiupiga mpira katikati unakwenda, ukiugusa pembeni kidogo tu linageuka mkononi, mpira unakwenda kusalimia wengine.

Basi mwaka mmoja wakaja wafugaji, familia nzima na ng'ombe zao, kutoka huko Usukumani. Watu wazuri, maziwa tulikunywa kwao. Ila njia yao ya kwenda mtoni ilipita katikati ya brauni. Siku ya kwanza kwato zimeuchimba mchanga wote. Baba alichukua gunia akaanza upya. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimuona amekaa juu ya pipa, gunia liko chini, anaangalia tu. Dada yangu naye alimuona. Akaenda moja kwa moja kwa kijana mkubwa wa wafugaji, wana umri mmoja.

"Nyie, ng'ombe zenu zizunguke."

"Zizunguke kwa ajili ya mchanga? Mchanga unazaa nini?"

"Njoo ucheze. Ukinishinda, piteni mpaka mchoke. Nikikushinda, mnazunguka."

Kijana akacheka. "Na msichana? Haya, Jumapili."

Ndugu yangu, dada hakulala vizuri wiki hiyo. Alijua fimbo zetu zote ni za kubahatisha. Siku moja tunatoka kisimani, mbele yetu anatembea jirani yetu na mzega begani, ndoo huku, ndoo huku. Mtoto mmoja akamkumba kwenye ndoo kwa mbio zake. Mzega haukugeuka hata kidogo, mtoto ndiye aliyeanguka. Dada akasimama katikati ya njia. "Umeona?" Mimi nimeona mtoto analia, sikuona kingine.

Jirani huyo alikuwa anayeyusha mabaki ya risasi kwenye sufuria mbovu, anatengeneza vizito vya nyavu vya kupeleka kwa wavuvi Karema. Lori likirudi linamletea migebuka iliyokaushwa, mtaa mzima tunajua kwa pua. Dada akamfuata na kipande cha mninga alichokichonga mwenyewe, kifupi, kimetobolewa huku na huku.

"Jirani, nijazie risasi hapa na hapa. Katikati uache."

"Risasi hii ya samaki, mwanangu, siyo ya kuchezea."

"Ni kwa ajili ya baba."

Akajaza. Fimbo ikatoka mbaya kwa sura, nasema kweli, kama kitanda cha sungura. Lakini nzito pembeni, nyepesi katikati, ukiishika inatulia kama mzega. Dada akakata mpini urefu wa kumfaa, ainame kidogo tu, jicho likae juu ya mpira.

Nikamwambia mjukuu: haya mabawa unayoyaona kwenye simu ni hayo hayo, mafundi wa leo wameusogeza uzito nyuma na pembeni, wakachora na mistari ya kuongoza jicho, wakabandika usoni kitu laini ili mpira usigongwe kwa kelele. Wameweza, siwanyimi sifa yao. "Chagua ile inayokusamehe," nikamwambia, "na isiyokuzidi urefu." Akaichagua ile kama tofali. Safi sana.

Jumapili ikafika. Masharti yalikuwa mepesi: kila mmoja anapiga mpira mmoja, wote wakiingiza wanarudi nyuma hatua, mmoja akikosa na mwenzake akaingiza, imekwisha. Na kila anayepiga anaburuta kwanza gunia kutoka kwenye mpira mpaka shimoni. Kijana wa wafugaji alikuja na fimbo yake ya kuchungia, yenye kichwa cha mviringo. Akasimama nyuma ya mpira, miguu kaipanua, akaisukuma fimbo katikati ya miguu kama anayemswaga ndama. Mpira ukaingia! Tulicheka, tukaacha kucheka. Ukaingia tena, na wa dada nao ukaingia. Mjukuu wangu anasema mtindo huo siku hizi umekatazwa. Wakataze, mimi niliuona ukifanya kazi.

"Leteni maziwa, brauni inakuwa zizi!" wadogo wa yule kijana wanapiga kelele.

Wakarudi nyuma mpaka ukingoni. Kijana akapiga, kichwa cha mviringo kikaugusa mpira kwa ubavu, ukapita shimo kwa upana wa kidole. Zamu ya dada. Baba amesimama na gunia mkononi. Dada akapiga na mimi nikasikia sauti, ko, ya pembeni kabisa, nikafumba macho. Kwa bapa langu mpira huo ungeishia vichakani. Lakini ile fimbo haikugeuka. Nilifumbua macho kwa kelele za watoto. Mpira umo ndani.

Kijana akaiomba fimbo, akaigeuza, akaipima mkononi muda mrefu. "Hii ina akili," akasema. Jioni hiyo hiyo wakaja wanaswaga ng'ombe, baba yao mbele. "Mwadila," akamsalimu baba, halafu akanyoosha fimbo, ng'ombe wa kengele akakunja kulia, wengine wote nyuma yake.

Baba aliburuta gunia lake mpaka mapipa yakaisha. Mchanga bila oili haushindani na mvua za huku. Masika moja tu, brauni ikaenda mtoni yote, na baba naye hakukaa sana baada ya hapo. Dada yuko kaburini Kawajense. Lakini ng'ombe hawakuambiwa kwamba hakuna tena kitu cha kuzunguka. Waliendelea kukunja kulia pale pale, miaka na miaka, njia ikachimbika, watu wakajenga nyumba kufuata njia, mpaka ikawa barabara ya mtaa. Vijana wa bodaboda wanailaani kila siku, wanasema aliyeipima alikuwa amelewa, barabara nzima imenyooka halafu ghafla inajikunja bila sababu. Mimi nikipita pale kwa miguu nakunja nayo taratibu, sikatishi.