Muuza mandazi aliyebandua picha zake ukutani mwa baa

Saa kumi na mbili asubuhi, mafuta yanachemka kwenye sufuria ya Adèle Syauswa, mtaani Kimemi, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Kwa mkono mmoja anageuza mandazi; kwa mwingine anapekua rundo la karatasi za kufungia. Ghafla anasita. Anachomoa ukurasa, anaupuliza vumbi na kuuweka mbali na mafuta.

Ni picha ya farasi mwenye mabawa, anakunywa maji mtoni.

"Huyu hapana wa kufunga mandazi," anasema, uso ameukunja. "Mutu alikaa chini, akachora huyu farasi na akili yake yote. Halafu sisi tupanguse naye mafuta?"

Karatasi hizo huzinunua sokoni kwa kilo. Nyingi ni kurasa za vitabu vilivyoporwa, tangu vita vianze, kwenye nyumba za mashamba ya zamani ya Wazungu. Mwaka 1999 alipata picha yake ya kwanza: mwanamke aliyefumba macho, nyota zimenasa kwenye nywele zake. Leo, Juni 2002, mjane huyu wa miaka 46, ambaye faida yake ya siku hununua unga wa mlo mmoja tu, anazo zaidi ya mia.

Jirani yake Edmond Sikuli, mwalimu mstaafu, alimweleza kwamba wachoraji wa picha hizo, watu wa Ulaya wa yapata miaka mia iliyopita, hawakuchora walichokiona bali walichokiota na kukiogopa. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Adèle huzitundika picha kwenye kamba ya nguo, watu waangalie bure.

Machi mwaka huu padri mmoja wa mji jirani wa Beni alimwomba awapelekee picha hizo wakimbizi wa vita waliojaa ukumbi wa parokia. Akachagua arobaini na moja, akapanda lori. Kwenye kizuizi cha askari barabarani, afisa mmoja aitwaye Jordy akafungua sanduku.

"Mama, hii ni fétiche, mambo ya shetani. Tunakamata."

"Afande, ni dessin tu, mutu alichora. Angalia basi!"

"Enda! Ao tukukamate na weye."

Alifika Beni mikono mitupu. Watu mia mbili walikuwa wamekaa wakimngoja.

"Nililia na hasira, hapana na huzuni," anasema.

Wiki tatu baadaye dereva wa lori akamletea habari: "Mama Adèle, bile bipicha byako biko mu baa moja ya Beni. Afande amebipiga misumari ku ukuta."

Adèle akazima moto, akapanda lori hilo hilo. Mchana baa ilikuwa imejaa. Hakumsalimu mtu. Akapanda juu ya kiti, akaanza kung'oa misumari.

Jordy akainuka, chupa mkononi. "We mama! Unafanya nini?"

"Ulisema hii iko ya shetani. Donc, basi, unakunywaka bière na shetani?"

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, kisha baa nzima. Afisa akapeleka mkono kwenye bastola, akatazama meza zilizomcheka, akatoka nje.

Adèle akaendelea kung'oa msumari mmoja mmoja.

Alipata ishirini na tisa zikiwa nzima. Nyingine zilikuwa zimechanika. Moja imekunjwa na kuwekwa chini ya mguu wa meza. Hilo hajalisamehe. Jioni ile ile wakimbizi wa parokia wakaziona hizo nzima.

Agosti atarudi Beni na picha zote, kwa barabara ile ile.

"Sitazificha mu sanduku," anasema. "Na yule afande, akitaka kuangalia, apange mustari kama bengine."