Kifungo cha Kapteni

Fundi yule hagusi mashine ya kufulia kabla ya kuisikiliza. Huvua kofia, akalaza sikio kwenye bati, vidole vyake vyeusi kwa grisi vikigonga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Siku ile, katika nyumba ya mtaa wa Kololo waliyogawiwa baada ya Wahindi kufukuzwa nchini, Rukiah alimwogopea, maana kapteni, mumewe, alikuwa anafoka: mashine inanguruma tu, haizunguki, na isipopona leo ni kifungo!

"Nyamaza kidogo, afande," fundi akasema. "Nasikiliza mgonjwa."

Rukiah alikuwa hajawahi kusikia mtu akimwambia mumewe hivyo. Kapteni akanyamaza.

Fundi akafungua pampu, akachokoa kitu, akakipangusa kwa shati lake: kifungo cha shaba cha gwanda la jeshi.

"Kifungo hiki hapa, afande. Ni chako."