Shosho Wangari Alikubeba Kwanza

Nakumbuka, mwanangu, siku wanawake walipopanda ngazi za ploti yetu ya kupanga hapa mtaa wa Pipeline kuja kukuona ulipozaliwa, na sufuria za njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na chupa za uji. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Kisha kitumbua kikaingia mchanga. Unajua desturi yetu: msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Dada yako Njeri alishachukua la mama mkwe wangu. Zamu yako ilikuwa ya mama yangu, shosho wako Wangari, bibi mzaa mama.

"Huyu ataitwa jina la dada yangu," mama mkwe akasema. "La kwenu lingoje mpaka uzae mvulana. Tumbo lako linajua wasichana tu."

Mama yangu akainamia kikombe. Hapo nilichemka. Mzazi hatakiwi kupiga kelele, najua, lakini Bayolojia ya kidato cha nne sikuisomea kupamba ukuta.

"Mama, nisikize! Mvulana huletwa na mbegu ya mwanao, si tumbo langu. Na mayai ya msichana hayangoji avunje ungo. Huanza akiwa bado tumboni mwa mama yake. Huanza kugawanyika, yakasimama, yakangoja miaka. Akishakua, kila mwezi moja huamka, likapunguza kromosomu zake arobaini na sita zikawa ishirini na tatu. Na mgawanyo una upendeleo: yai hubaki na chakula chote, kiseli kinachomeguka hupewa ukoko. Likikutana na mbegu ya baba ndipo linapomaliza kazi hiyo ya kugawanyika."

"Kwa hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Kwa hivyo mama alipokuwa na mimba yangu, yai la huyu mtoto lilikuwa ndani yangu, nami ndani yake. Alimbeba kabla yangu. Mtamnyimaje mtoto jina la shosho wake?"

Mama mkwe akamgeukia mama yangu. "Kumbe, mkwe! Ulibeba wawili na hukusema?"

"Ningejuaje? Nilidhani nimeshiba njahi!"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Mama mkwe mwenyewe akakunyanyua juu, akaita, "Wangari!", vigelegele vikafuata.

Basi mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu akidharau tumbo lako, au la mama yako, usimeze. Kasirika, lakini hasira yako iwe na elimu ndani. Matusi yangenifukuzia wageni. Ukweli uliwabakisha mezani.

Mungu akukuze, Wangari, akupe mdomo usioogopa na nyumba iliyojaa watu wa kukushangilia.